Nusu Kikombe, Mama

Mama yangu huniita mama. Kwetu huku si ajabu. Binti wa pili hupewa jina la nyanya yake mzaa mama, kwa hiyo nilizaliwa nikiwa tayari mkubwa wa nyumba. Nilianza kupewa heshima kabla sijaota meno, na sikumbuki siku hata moja niliyofaidika nayo.

Maana kinywani mwake neno hilo lina mkia. "Mama, hivyo vyombo umeviosha au umevionyesha maji tu?" "Mama, hiyo sketi imeishia hapo, au fundi alikimbia na kitambaa?" Anaanza na heshima, halafu mkia unakuchapa. Mtu asiyetujua angedhani ananinyenyekea.

Aliuza viazi sokoni Mweiga miaka yote ya utoto wangu, na biashara aliifanya hivyo hivyo, kwa upole wenye meno. Alinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza nikimtazama muuzaji, mara ya pili nikilitazama gunia. Siku hizi nauza mitumba Nyeri mjini na kulala Ruring'u, na bado nahesabu hivyo. Wateja wangu hawapendi. Mama anasema wasiopenda ndio waliokuwa na mpango.

Alipopata kansa ya titi alikatwa, akatibiwa, tukapumzika. Baadaye ikaonekana kwenye mifupa. Akawa anaenda kliniki, anameza dawa zake, na akiulizwa hali na watu wa kanisa anajibu kwamba mifupa imepata mpangaji asiyepiga hodi. Walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu alinitazama kuona kama nitacheka.

Halafu akaanza kusikia kiu. Alikunywa maji kama mtu aliyekula chumvi, akaenda chooni kukojoa, akarudi, akaomba maji tena. Choo kikubwa kikagoma. Chakula kikamchefua. Mchana alisinzia kwenye kiti huku uzi na sindano viko mkononi. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Mimi nilisema ni baridi ya milima ya Aberdare. Jirani alisema ni umri. Mjomba, mdogo wake mama, anayefuga ng'ombe wa maziwa shamba la pili kutoka kwa mama, alisema ni mifupa inadai.

"Mifupa inauma, si ndio? Basi ipewe kitu ya mifupa."

Ikapewa. Mjomba alileta maziwa asubuhi na jioni. Alileta supu ya mifupa nzito hata kijiko kilisimama peke yake. Mwanamke mmoja wa kanisani akaleta vidonge vya kalsiamu kutoka duka la dawa, vile vikubwa vinavyokwama kooni, na mama akavimeza kwa adabu ya kanisa. Tulifanya bidii kweli. Naye akazidi kudidimia.

Siku niliyoshtuka nilikuwa nimempelekea mkate. Nikammiminia chai, akainywa yote bila kusema ina maziwa mengi wala machache. Hilo peke yake lingenitosha. Akaweka kikombe chini, akashika magoti yake, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Asante mama. Sasa naweza kwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kuchota maji. Ndama hajakunywa."

Kwa mama hakujakuwa na ndama tangu nimalize shule. Nikacheka nikisubiri mkia. Haukuja. Alikuwa ananitazama kama mtoto anavyomtazama mtu anayeweza kumchapa, na nikaelewa kwamba haniiti jina langu. Alikuwa anamwita mama yake.

Nikamwita mjomba. Alikuja na gambuti zake, akasimama mbele ya dada yake, akamtazama shingo, akamtazama macho. Kisha akanyoosha mkono akamshika sikio.

"Anko, unafanya nini?"

"Masikio ni baridi." Akashika na la pili. "Hii ni homa ya maziwa."

"Mama hajazaa, anko."

"Sijasema amezaa. Nasema karisiamu imeisha kwa damu. Ile ng'ombe yangu nyeusi ilizaa ikaanguka hivi hivi. Kichwa imegeukia tumbo, masikio baridi, haijui mtu. Daktari wa mifugo akaweka chupa moja ya karisiamu kwa mshipa, na kabla aoshe viatu, ng'ombe imesimama inauliza nyasi iko wapi."

Kila mtu Mweiga anaijua chupa hiyo. Ni ya kahawia, ina picha ya ng'ombe anayetabasamu, na mjomba alikuwa nayo stoo. Akaenda akaileta.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Mimi ni mjinga? Sitamwekea mimi. Nitampea daktari, aweke yeye." Akaitia mfuko wa koti, tukampakia mama kwenye pikapu yake ya maziwa, tukateremka hospitali ya Nyeri huku makopo matupu yakigongana nyuma yetu. Mama alikaa kati yetu. Tulipopita soko la viazi hakugeuza hata kichwa.

Daktari aliyetupokea wodini alikuwa kijana kutoka Pwani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alimwinamia mjomba akasema, "Shikamoo, mzee." Mjomba alinitazama kama mtu aliyetajiwa bei kwa pesa za nchi nyingine, kisha akajibu, "Mzuri sana." Daktari hakucheka. Nikampenda hapo hapo.

Alitaka kujua akili ya mgonjwa iko wapi. Akamwinamia mama, akanielekezea kidole.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Ni mama," akasema mama.

Daktari akaandika.

"Hapo hajakosea, daktari," nikasema.

Akainua kalamu. "Wewe ni mama yake?"

"Ndiyo. Yaani hapana. Kwa jina."

"Ni mama yake kabisa," mjomba akasaidia. "Hata mimi ni mama yangu."

Daktari alitutazama sote watatu, polepole, kama anayepima ni nani mwingine wa kulazwa. Nikamweleza habari ya majina. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo la maana kabisa: "Sasa, dada, kama jibu ni lile lile akiwa mzima na akiwa amechanganyikiwa, mimi nitajuaje?"

"Muulize bei ya viazi."

Akadhani natania. Lakini aliinama tena. "Bibi, ukiniuzia gunia la viazi, utaniuzia bei gani?"

Mama alimtazama kwa upole mwingi.

"Chochote utakachonipa," akasema.

Mjomba alivua kofia. Mimi nikamwambia daktari aandike hiyo.

Damu ikatolewa. Majibu yaliporudi, daktari alituita kando ya kitanda, akasema tatizo ni kalsiamu. Mjomba akanigonga kiwiko.

"Nilisema. Imeisha."

"Imezidi, mzee. Imepanda sana."

"Imeisha," mjomba akarudia, lakini sauti ilikuwa imeshuka bei. Akaingiza mkono mfukoni, chupa ikagonga chuma cha kitanda, na daktari akainyooshea mkono. Akamtazama ng'ombe anayetabasamu. Akasoma maandishi upande huu, akageuza, akasoma upande wa pili.

"Hii ni ya nani?"

"Ilikuwa ya mgonjwa," mjomba akasema. "Sasa ni ya ng'ombe."

Daktari alieleza vizuri, na mahali nilipokwama alirudi nyuma. Ng'ombe aliyezaa, kama mjomba alivyomsimulia, maziwa yameivuta kalsiamu yote kutoka kwenye damu, kwa hiyo anaongezewa. Kwa mama ilikuwa kinyume. Kansa ilikuwa inaiambia mifupa ifungue stoo na kumwaga kila kitu nje. Kalsiamu imejaa kwenye damu, figo zinajaribu kuitoa na zinapoteza maji kwa kufanya hivyo, ndiyo ile kiu na ule mkojo. Mwili unakauka, damu inazidi kuwa nzito, tumbo linalala, mwisho ubongo nao unalala.

Mimi nililielewa kama soko. Nimeona msimu ambao kila mtu amefungua stoo siku moja, viazi vimerundikwa mpaka barabarani, na havimsaidii mtu yeyote. Huwezi kuponya soko la namna hiyo kwa kuleta lori lingine. Sisi tulikuwa tumeleta lori, tena tumelisukuma kwa mikono.

Mjomba aliuliza swali lililokuwa linamkaa kooni. "Kwa hivyo maziwa yangu ndiyo..."

"Hapana, mzee. Maziwa yako hayana kosa. Hii imetoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Ila vidonge hivi vya kalsiamu tuviweke kando." Akamwaga kitandani dawa za mama tulizokuja nazo, akazitenga, akatoa na kimoja cha presha, kile cha kukojoza, akasema aina hiyo huizuia kalsiamu isitoke. Atampa kingine. Mjomba aliposikia maziwa yameachiliwa, alivaa kofia yake tena, na kabla ya saa ya kutembelea wagonjwa kwisha wodi nzima ilijua ana ng'ombe wangapi.

Matibabu yenyewe hayakuwa na kelele. Kwanza maji ya chumvi kwa dripu, chupa baada ya chupa, ili mwili ulowe na figo zipate nguvu ya kusafisha. Baadaye, figo zikishapimwa, dawa ya kufunga stoo ya mifupa, ambayo ni mfuko mdogo tu unaoingia mshipani kwa muda wa kunywa chai. Daktari aliuliza kama mama ana jino bovu au aling'olewa jino hivi karibuni, kwa sababu dawa hiyo haipatani na taya lenye kidonda. Tukahesabu meno. Nikahesabu tena. Yalikuwa machache lakini yametulia.

"Daktari," nikamwambia, "weka mifuko miwili, tupate nafuu haraka."

"Haiuzwi hivyo, dada. Unawekewa leo, inaanza kuonekana baada ya siku mbili tatu."

Sipendi bidhaa ya kusubiri. Nilimwuliza kama hakuna punguzo la siku. Akatabasamu, kisha akanisogeza dirishani, ambapo ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, akaniambia ukweli bila kuupaka sukari. Kalsiamu ikishuka, akili inaweza kurudi. Kansa bado ipo palepale, na ataongea na wenzake wa kliniki kuhusu dawa ya kuikabili. Na kalsiamu inaweza kupanda tena, kwa hiyo tujifunze dalili zake.

"Atanijua?"

"Natumaini."

Nilisimama pale nikitafuta jinsi ya kumpandisha kutoka natumaini hadi ndiyo. Nimewahi kuwapandisha watu wagumu kuliko yeye. Lakini nilimtazama usoni nikaona hana kingine chini ya meza.

Sista wa wodi alinipa kazi ya kupima. Maji yanayoingia yaandikwe, mkojo unaotoka upimwe kwenye jagi. Kazi iliyonifaa kuliko zote duniani. Niliinua jagi kwenye mwanga, nikasoma, nikaliweka chini, nikaliinua tena.

"Mama," sista akaniita, kwa maana ile ya kawaida ambayo kila mwanamke ni mama, "mkojo hauongezeki ukiangaliwa mara ya pili."

"Najua, sista. Naangalia usipungue."

Mama alitakiwa pia kunywa kwa mdomo. Na hapo ndipo pagumu palipokuwa, kwa sababu hapakuwa na ugumu wowote. Nilimletea kikombe, akanywa chote. Nikaleta kingine, akanywa. "Ndiyo, mama." "Asante, mama." Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa anawindana na sista kwa sababu ya uji, aliniambia kwa wivu, "Mgonjwa wako ana adabu."

Nilitoka nje nikasimama koridoni kidogo. Katika maisha yangu yote mama hajawahi kunikubalia kitu mara ya kwanza. Hata siku nilipomwambia naolewa, aliniuliza kama nimezunguka soko lote. Nyanya, mama yake, ndiye mtu pekee ambaye hakubishana naye. Wanasema nyanya akisema kunywa, unakunywa. Sasa nilikuwa nimepandishwa cheo hicho, na nilikuwa tayari kukirudisha dukani hata bila risiti.

Mjomba alikuja baada ya kukamua, akaketi upande wa pili. Mama alimtazama, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya mashtaka:

"Mama, sio mimi nilikunywa maziwa ya ndama. Ni huyu mdogo."

Mjomba akakohoa.

"Ni kweli, anko?"

"Hiyo mambo ni ya zamani sana."

"Alichapwa?"

Mjomba aliitazama kofia yake. "Alichapwa kidogo."

"Mama, nilichapwa sana," mama akasema.

"Kubali, anko."

"Sasa nikubali kwa nani? Kwako wewe? Wewe ni mtoto wa juzi."

"Mimi ni mama yako. Ulimwambia daktari mwenyewe."

Akageuka kuona kama kuna anayesikiliza. Mwanamke wa uji alikuwa ameacha kula kabisa. Mjomba akavua kofia, akasema kwa haraka, akitazama sakafu: "Mama, ni mimi."

"Nilikuambia," mama akaniambia, akalala usingizi.

Mfuko mdogo ulikuwa umeshaingia wakati huo. Daktari alisema tungoje. Nilingoja vibaya. Kila nilipomkuta macho yakiwa wazi nilimuuliza viazi ni bei gani, naye akanijibu nipange mimi. Kesho yake akasema hajui. Mjomba akasema kutojua ni afadhali kuliko kukubali, na kwa mara ya kwanza tangu mama aingie hospitalini nilikubaliana naye kuhusu ugonjwa wowote.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeondoka na mlima ulikuwa pale, mweupe kichwani, kama haukuwa umeenda popote. Nilimkuta mama ameegemea mto. Macho yalikuwa yanatembea: kwenye dripu, kwenye jagi, kwenye viatu vyangu. Nikajaza kikombe cha maji hadi ukingoni, nikamshikisha.

Hakukipeleka mdomoni. Alikitazama. Akanitazama mimi.

"Nusu," akasema.

Nikakisogeza kikombe karibu na mdomo wake. "Daktari amesema chote."

"Daktari ako wapi?"

"Anakuja."

"Akija atakunywa yake. Nusu, mama."

Mkia ulikuwepo. Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, na jambo hili sikuwa tayari kulipokea kwa hesabu moja. Nikavuta kiti.

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mama yangu," akasema. Moyo ukaanza kunishuka, na nina hakika aliuona ukishuka, kwa sababu aliuacha uende mpaka chini kabla ya kumalizia. "Ila umezeeka vibaya. Hizo viatu umetoa wapi?"

"Robo tatu," nikasema. Ilikuwa lazima niseme kitu.

"Nusu. Na mdogo wangu akikuja umwambie nilisikia mtu akikubali maneno hapa, sijui kama ni ndoto."

"Haikuwa ndoto."

"Vizuri. Basi ana deni ya maziwa."

Daktari alipopita na karatasi ya damu mpya alisema kalsiamu imeshuka, bado haijafika chini kabisa lakini inateremka vizuri. Akainama kwa adabu yake ile ile. "Bibi, gunia la viazi ni bei gani leo?"

Mama alimpima kuanzia kola mpaka kiatu. "Unanunua, ama unauliza tu?"

Daktari alinigeukia, nami nikamtikisia kichwa kwamba aandike. Kisha akamwambia mwenyewe, uso kwa uso, yale aliyoniambia dirishani. Mama alisikiliza yote bila kumkatiza. Akauliza kama ule mfuko mdogo unaweza kurudiwa mambo yakipanda tena. Akaambiwa ndiyo, hurudiwa, na kwamba yeye asaidie kwa kunywa maji, kutembea, na kutupigia simu mara kiu ile ikirudi. Akaangalia nje, kule kwenye mlima, muda wa kutosha kwa mtu kupiga hesabu ndefu.

"Sawa," akasema. "Nimesikia. Hiyo ya kutembea nitafanya. Hiyo ya maji tutaongea."

Daktari alipoondoka nilimpa nusu kikombe, kama tulivyopatana. Akanywa akiwa na sura ya mtu aliyeshinda. Nikamsimulia habari ya masikio baridi na chupa ya ng'ombe, akacheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza kama mjomba alimwangalia na kwato. Alipokuwa anacheka nikajaza nusu nyingine, nikamwekea mkononi kana kwamba ni ile ya mwanzo haijaisha.

Akaipeleka hadi mdomoni. Akaishikilia hapo.

"Mama," akasema, "wewe unafikiri nani alikufundisha kuhesabu?"

Akainywa yote, polepole, akinitazama juu ya ukingo wa kikombe.